Bibi Bendera Alikuja Kwenye Hitma Yako

Kaka Twaha,

Leo ni siku ya hamsini na mbili tangu tukuzike, na nina ugomvi nawe. Ningekuja kuusemea makaburini, lakini pale watu hupita na mbwa wao, nami nikianza kugomba sijui kunong'ona. Basi nimekaa jikoni kwangu Kingstanding, asubuhi, chai imepoa, naandika.

Kwanza habari, maana najua ulivyokuwa na pupa ya habari. Ulizikwa vizuri. Mvua ilinyesha, ila wanaume walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, hata wale Wakongo wa duka la simu, waliokuwa wakikusikiliza na kuelewa nusu. Funguo za fleti yako ya Perry Barr nimezirudisha. Nguo nimezigawa, isipokuwa ile sweta ya kijivu uliyokuwa ukivaa hospitali; hiyo nimebaki nayo na sitaki kuulizwa. Na kila Ijumaa baada ya sala, simu zetu zinakaa kimya. Hapo ndipo watu wanapokukumbuka kuliko popote.

Ulituzoesha vibaya. Miaka minne tangu uhame Ohio na kuja kuishi karibu nami, hukukosa hata Ijumaa moja kutuma sauti yako kwenye grupu la Waswahili wa Birmingham. Dakika kumi, kumi na mbili, ukikohoa katikati. "Assalamu alaykum wanangu, leo tena Marekani." Watu wakikusikiliza kwenye basi, wengine wanakaanga samaki, na Rukia, yule shoga yangu wa Mombasa, alikuwa anakata simu za watoto wake mpaka umalize. Ulikuwa umeishi kule miaka ishirini na miwili. Nani angekubishia?

Ulisema Wamarekani wana kibaraza mbele ya nyumba chenye viti viwili vya kubembea, na hakuna anayevikalia. Ulisema kule mtoto wa miaka mitano huulizwa anataka kula nini, na baba yake hajaulizwa tangu aoe. Ulisema siasa wameigeuza kabila: kuna maduka ya upande huu na maduka ya upande ule, hadi kahawa na kofia zina upande, na ndugu wa tumbo moja wanaachana mezani siku ya sikukuu kwa ajili ya mtu wa kwenye televisheni asiyejua hata majina yao. "Wameupoteza ukoo," ukasema, "sasa wanautafuta kwenye kofia." Rukia alicheka mpaka akaisambaza hiyo kwa nduguze wote.

Mimi sikuhitaji kufundishwa kuishuku Marekani. Kila upuuzi unaoingia hapa naugeuza nione nyuma, nakuta umetoka kule. Mjukuu wa Rukia kabla hajazaliwa alifyatuliwa moshi wa bluu bustanini ili watu wajue ni mwanamume. Wazazi wakapiga makofi, nami nikaing'ang'ania sahani yangu ya sambusa nisilazimike kupiga. Wale wazee wawili wa msikitini, unawakumbuka, hawajapeana mkono tangu uchaguzi wa kule, uchaguzi ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupigia kura, wala asingepewa viza ya kwenda kuutazama. Watoto tuliowalea hapa wanagombana kwa hasira za Wamarekani, na kwa lafudhi yao. Ulipoyasema hayo nilikuwa naitikia kwa kichwa, peke yangu hapa jikoni.

Na kuliko yote tulipenda ukituletea Bibi Bendera. Jirani yako wa Ohio, mwanamke wa kizungu, hukumtaja jina hata siku moja. Bendera kubwa mlangoni kwake, nyingine kwenye sanduku la barua, ya tatu nyuma ya gari. Kila uchaguzi anasimika kwenye majani kibao cha mwanasiasa anayetaka watu kama wewe warudi kwao, kisha asubuhi anakupungia mkono. Mama yake kampeleka nyumba ya wazee, mbwa wake analala kitandani. Ulikuwa ukimwigiza: "Good morning, Twaaaha!" Watoto wetu, hao hao wasiotaka kutujibu Kiswahili, walikuwa wakiomba kwa Kiswahili: Mjomba, leta Bibi Bendera.

Sasa nije kwa Nasra, maana ugomvi wenyewe uko hapo. Uliondoka jambo lake likiwa bado limekaa katikati yetu. Mwanangu mmoja tu niliye naye, nesi wa hospitali ile kubwa karibu na Harborne, amepata kazi Ohio, tena mji uleule uliokaa wewe. Alisimama mbele yangu akasema, "Mama, nimepata. But siendi bila radhi yako, and you know it." Mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, ana nyumba yake na gari lake, bado anasimama kuniomba radhi. Hilo peke yake lingetosha kumpa. Sikumpa. Nilimwekea sauti yako.

Ile ya ugonjwa. Najua unaikumbuka, maana hukufanya mzaha hata mmoja. "Wanangu, Marekani mtu huugua peke yake. Utalala na homa wiki nzima, hakuna atakayegonga mlango, hakuna atakayekuletea hata uji. Mimi nimekaa, nimeona." Nilimwekea Nasra akiwa amesimama hapo karibu na friji. Nikamwekea tena alipokuja wiki iliyofuata, na iliyofuata. Anasikiliza mpaka mwisho, anatazama chini, anasema, "Sawa, Mama," anachukua funguo za gari anakwenda zake. Nilidhani nimemshinda. Wewe ukiwa mgonjwa nimemwekea, na umekufa pia nimemwekea.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo mpaka arobaini yako.

Wanaume walisomea msikitini, wanawake kwangu. Sebule ilijaa, viatu vimefika mpaka kwenye ngazi. Nilikuwa nagawa biriani na Rukia, mlango ukafunguliwa, akaingia Nasra na mwanamke wa kizungu. Mrefu, mzee, amevaa raba nyeupe na mtandio kaufunga chini ya kidevu, na mikononi kashika bakuli kubwa la kioo lililofunikwa foili. Akanitazama, akasema, "You're Twaha's sister," na macho yake yakajaa.

Kaka, unanijua. Sikuyaona machozi. Nilimwona mwanamke nisiyemjua analia kwenye hitma ya kaka yangu aliyekufa bila mke. Rukia akanivuta kanga: "Huyu ni nani tena? Isije ikawa Twaha alikuwa na mke huko, wallahi, akatuficha!" Waliokuwa wakisoma wakapunguza sauti ili wasikie.

"Mama, huyu ni Darlene," Nasra akasema. "Alikuwa jirani wa Mjomba kule. Alikuwa anamtext kila Sunday, nikaona kwenye simu ya Mjomba, nikamwambia. Amekuja kwa ndege, just for this." Nikamkaribisha, nikamwonyesha pa kukaa, na moyoni nikajiuliza anafuata nini. Mtu havuki bahari kwa ajili ya jirani. Na kama Marekani majirani hawagongeani milango, kama ulivyotufundisha, huyu katoka wapi?

Nikaenda jikoni kufunua foili. Viazi, Kaka. Viazi vimeokwa na jibini na krimu, na juu kamwaga konfleksi. Konfleksi, kwenye hitma! Nikanusa kama kuna nguruwe. Nasra akanifuma. "Mama, hamna nyama kabisa. Amepika kwangu Harborne, nilisimama pale pale. Ndo chakula chao cha msiba. Ukifiwa, majirani wanakuletea." Nikasema haya. Bakuli nikalipandisha juu ya friji, pasipoonwa na mgeni, na wageni walipotawanyika nikavimwaga vile viazi bila kuonja.

Nilipoligeuza bakuli kuliosha, nikaona chini limebandikwa utepe mweupe wa karatasi, ule wanaotumia mafundi rangi. Umeandikwa kwa kalamu nyeusi: DARLENE. Damu ikanipanda. Yaani mtu anaingia nyumba ya msiba na kuandika jina chini ya chombo chake, tusije tukamwibia! Nimeishi nchi hii miaka ishirini na minane, walinzi wamenifuata dukani katikati ya mchele, lakini kuletewa tuhuma chini ya chakula ilikuwa mpya kwangu. Nikaubandua kwa kucha. Nikasugua gundi yake mpaka ikaisha, nikampa Nasra bakuli alirudishe likiwa tupu. Tupu kabisa. Unajua Mama yetu angenifanya nini. Kwake chombo cha jirani hakikurudi bila kitu, hata kama ni ndimu mbili na kipande cha mnazi. Sikusahau, nilikusudia.

Siku mbili baadaye nikaenda Perry Barr kumalizia vyombo vyako. Nilikuwa nimeacha kabati la chini kwa sababu ya goti. Ndani nikakuta mabakuli matatu ya kuokea, makubwa, ya kulisha watu kumi. Nikashangaa: mtu anayekaa peke yake, anayekula kwangu siku nne kwa wiki, ya nini haya? Nikaligeuza la kwanza nione kama ni la kuingia kwenye jiko la moto, na pale chini pana utepe. Mweupe, wa karatasi. TWAHA. Kwa mwandiko wako, ile T yako yenye paa refu. La pili vilevile. La tatu utepe umeungua pembeni, umeandika jina lako na chini yake kwa herufi ndogo: pilau, no pork.

Nilikaa palepale sakafuni. Mtu haandiki jina chini ya bakuli analolia nyumbani kwake. Anaandika kwa kuwa bakuli linatoka, linakwenda kuwekwa pamoja na mabakuli ya wengine yanayofanana nalo, na kila mtu anataka lake lirudi. Basi ndivyo wanavyofanya kule, na mimi nilikuwa nimeubandua kwa kucha. Nawe ulikuwa ukifanya vivyo hivyo. Ulikuwa ukipika pilau ya Tanga ukiwapelekea watu wa Ohio, wewe uliyetuambia hakuna mlango uliogongwa.

Nikampigia Nasra. "Yule mwanamke hajaondoka?" Akasema anaondoka Jumamosi. Nikasema mlete.

Akaja Alhamisi mchana. Nilikuwa nimepika vitumbua, kwa aibu zaidi kuliko kwa ukarimu. Akala vinne. Nikamtaka radhi kuhusu utepe, Nasra akatafsiri, na yeye akacheka akisema bakuli lile alilinunua Harborne asubuhi ile ile. Utepe aliubandika kwa mazoea tu, mkono wake haujui kubeba chakula cha msiba bila kuandika jina. Kisha akaanza kuniambia habari zako, akidhani ananikumbusha.

Aliniambia kuhusu mwaka wako wa mwisho kule. Saratani ya kwanza, Kaka. Mimi nilijua moja tu, hii iliyokuua hapa. Kumbe ilikuwa imeshakushika, ukatibiwa, ukapona, na hukutuambia neno. Darlene alikuwa na karatasi kwenye friji yake, majina ya watu wa mtaa mzima: nani anakupeleka hospitali siku gani, nani anapika, nani anaondoa theluji mlangoni kwako. Yeye alichukua siku za dawa. Mlikuwa mnakaa masaa matano, masaa sita, wewe na mpira wa dawa kifuani na yeye na kitambaa anafuma, mnabishana siasa mpaka manesi wanakuja kuwanyamazisha. Ulipopata nguvu ukaanza kupika. Alisema ulipoondoka, mtaa ulikosa mtu wa kugombana naye.

Akatoa simu kunionyesha picha. Wewe, huna nywele, umejifunika blanketi, umekaa kwenye kiti cha kubembea kibarazani, na cha pili kakalia mume wa Darlene. Unacheka na meno yote. Nyuma yako bendera kubwa. Akasogeza picha: sanduku la barua, bendera. Akasogeza tena: gari, na nyuma yake bendera.

Nikamtazama Nasra. Nasra anatazama ndani ya kikombe chake.

Nilikuwa nimemkalisha Bibi Bendera kwenye kochi langu nikamlisha vitumbua.

Lakini usidhani nililainika. Nilimwambia Nasra, "Muulize kile kibao cha uchaguzi ni chake?" Akasema, "Mama, no. Please." Nikasema muulize. Darlene hakukwepa. Alisema ndiyo, ni chake, na kipo mpaka leo. "But Twaha was Twaha," akasema, na alivyolisema ungedhani limetosheleza kila kitu. Nikauliza: na wale wengine ambao si Twaha? Alikoroga chai yake. "He used to ask me that too," akasema. Sikuridhika siku ile na leo sijaridhika. Mtu anamjua mmoja wetu, anampenda, anamuuguza, kisha anapiga kura ya kumfukuza yule asiyemjua. Hapo ulikuwa na haki ya kumsema. Ungemsema kwa jina lake, na ungesema na yale mengine.

Akiwa anajiandaa kuondoka, amesimama, anavaa koti, akaniuliza, "Did he ever talk about me?" Hilo sikuhitaji mkalimani. Nasra akainua uso akanitazama. Nikasikia sauti yako ukimwigiza, na watoto wanacheka. Nikamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu hiki.

"Every Friday."

Akanikumbatia. Alilia shingoni kwangu kama mtu aliyepewa zawadi, na mimi mikono imening'inia, sijui niiweke wapi. Sikusema uongo. Lakini sijapata kuona aibu kwa neno la kweli namna ile.

Nasra alimsindikiza stesheni ya Perry Barr, akarudi. Nikamuuliza, "Ulijua?" Akakaa. "Nilijua, Mama. Lile kovu lake hapa kifuani, mimi ni nesi, nalijua ni la nini. Nikamuuliza, akaniapisha. Ilikuwa amana." Nikamuuliza, "Na zile sauti za Mjomba nilizokuwa nakuwekea?" Akasema, "Ningesema nini? Ningemwaibisha Mjomba."

Umesikia, Kaka? Mtoto huyu alikuwa na neno moja tu la kunishinda nalo. Alikuwa nalo mdomoni kila wiki, akalimeza kwa ajili ya heshima yako, akasimama karibu na friji yangu anausikiliza uongo wako unavyomfungia njia. Hapo ndipo hasira yangu nawe ilipoanza, na ndiyo maana naandika.

Kwanza nilikushuku kwamba ulipenda tu kuchekewa. Kuna kweli humo, usikatae. Mzee amerudi kutoka mbali, hana mke wala mtoto, na kila Ijumaa watu wanamngojea; nani angekwenda mbele yao kusema Wamarekani walimwondolea theluji? Nikakushuku pia kwamba uliona haya kuuguzwa na watu wa kibao kile. Nikakuita mnafiki, kwa sauti, hapa jikoni, na paka wa jirani shahidi.

Kisha nikaiweka tena ile sauti ya ugonjwa. Safari hii hakukuwa na wa kumshinda, nilisikiliza tu. Na nikasikia ulivyokuwa na uchungu. Bibi Bendera ulimsema kwa kicheko. Hii uliisema polepole, kila neno umelikanyaga. Mtu hawi na uchungu vile kwa watu waliomletea chakula. Nikajiuliza ni nani basi ambaye hakugonga mlango wako. Nikajijibu, na chai ikanishinda kunywa.

Ulinialika Ohio mara nne. Mara ya kwanza Nasra ndiyo kwanza anaanza shule. Ya pili marehemu mume wangu alikuwa anajenga Tanga na mimi ndiye msimamizi kwa simu. Ya tatu nilikuwa nasubiri karatasi za uhamiaji, na zilipotoka sikukupigia kukuambia zimetoka. Ya nne ulipiga Jumapili, sauti nyembamba, ukasema, "Mwanaidi, njoo basi hata wiki mbili, nimekukumbuka." Nikasema Ramadhani inakaribia, halafu nchi yenyewe hiyo, nani aende kuhangaishwa uwanja wa ndege. Ukacheka. Ukasema haya, mdogo wangu, wasalimie. Nikakuuliza mzima? Ukasema mzima. Nimemtuma Nasra amuulize Darlene miezi. Ilikuwa mwezi wako wa tatu wa dawa.

Miaka ishirini na miwili, hakuna hata mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kukanyaga kibaraza kile. Sisi tunaojisifu kwamba hatuwezi kumwacha mgonjwa. Ukaja Birmingham, ukakaa nasi, ukatupenda, ukala kwangu, na hukuweza kutuambia usoni. Ulichukua lawama yetu ukawavisha Wamarekani, Ijumaa baada ya Ijumaa, na sisi tukacheka. Nami nikaichukua lawama hiyo hiyo, yangu mwenyewe, nikamfungia nayo mwanangu mlango.

Ungenitukana tu, Kaka. Ungenipigia ukasema Mwanaidi, huna haya, naumwa, njoo. Ningekuja. Nakuapia ningekuja. Au labda nasema hivyo sasa kwa kuwa hakuna wa kunipima.

Jana Nasra alikuja. Nilimkalisha nikampa radhi yangu, nzima, bila sharti. Nikamwambia nchi ile bado siiamini, wala bendera zao, wala tabasamu lao la asubuhi, na akikaa mtaa wa vibao aniambie vimeandikwa nini. Akawa analia na kucheka pamoja. Kisha akauliza, "Utakuja lakini, Mama? Kweli?" Nikafungua mdomo, na nikalikuta liko tayari kwenye ulimi: goti langu. Nilikuwa naelekea kumwambia goti. Nikafunga mdomo, nikasema nitakuja.

Ijumaa hii nitatuma sauti kwenye grupu. Sina ufundi wako, itakuwa fupi na nitagugumiza. Nitawaambia Bibi Bendera ana jina, na nitawaambia alichokufanyia, na kura aliyopiga pia nitawaambia, wachanganyikiwe nilivyochanganyikiwa mimi. Rukia atasema nimekuvunjia heshima. Nitamwambia anywe chai.

Ugomvi wangu umeishia hapa, maana nimeanza kukugombeza wewe na nimemaliza najigombeza. Nisamehe, Kaka Twaha. Mungu akufanyie wepesi huko uliko, akukutanishe na wanaokuja kukutazama.

Na ahadi yangu ni hii. Nasra akinipigia kutoka Ohio akaniambia ni mzima, sitamwamini. Nitapanda ndege nikamwone kwa macho yangu. Maisha yangu yote sijamwamini mtu, isipokuwa wewe, Jumapili ile, uliponiambia u mzima.

Mdogo wako,
Mwanaidi